MALI BILA DAFTARI: JINSI YA KUCHAGUA JUKWAA LA KUJIUNDIA PROGRAMU ZA KAZINI

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii tumeichambua mara nyingi katika vikao vya Chama chetu cha Kiswahili, na kila mara tunaishia kusema kwamba mfanyabiashara aandike hesabu zake. Ni kweli. Lakini siku hizi swali limeota mkia: aandike wapi? Kuna daftari la karatasi, kuna la simu, na kuna lile ambalo mtu hujiundia mwenyewe kwenye kompyuta bila kuwa bingwa wa kompyuta. Hilo la mwisho ndilo ninalotaka tulijadili, mpenzi msomaji. Wengi wetu hapa Kyumbi tuna mzazi, mjomba au shangazi mwenye duka, karakana, lori la mchanga au kisima cha maji. Na yakitajwa tu "mambo ya kompyuta", ni sisi wanafunzi tunaoitwa.

Maana ya jukwaa hili

Programu ya kazini ni ile inayotumiwa na watu wa ndani ya biashara, si wateja. Ndiyo inayoonyesha ni mifuko mingapi ya simiti imeingia na mingapi imetoka, nani amekopa, lori gani limepeleka kokoto wapi, na nani yuko zamu leo. Hapo zamani aliyetaka programu kama hiyo alimwajiri mtaalamu, naye akaketi kuandika msimbo, yaani maagizo yanayofuatwa na kompyuta, mstari baada ya mstari. Kazi hiyo hula wakati na hula pesa.

Jukwaa la msimbo mchache hukupa vipande vilivyokwisha kutengenezwa: fomu, majedwali, vitufe na ripoti. Wewe unavipanga kwenye kioo cha kompyuta, kisha unaeleza kanuni zako kwa ufupi, kwa mfano: deni likipita siku 30, lionyeshwe kwa rangi nyekundu. Pale vipande visipotosha ndipo unapoandika msimbo kidogo. Ni sawa na mtu anayejenga kwa matofali yaliyochomwa tayari badala ya kuanza kuchimba udongo.

Jina hili lilianza kutumiwa na kampuni ya utafiti ya Forrester mwaka wa 2014, lakini jambo lenyewe ni la kale. Mwaka wa 1979 Wamarekani wawili, Dan Bricklin na Bob Frankston, walitoa programu iliyoitwa VisiCalc. Hiyo ilikuwa lahajedwali ya kwanza ya kompyuta ndogo. Lahajedwali ni ukurasa wa mistari na safu unaojijumlisha wenyewe. Mhasibu asiyejua msimbo aliweza kuupanga atakavyo. Tangu hapo hamu ya watu imekuwa ileile, kwamba mwenye kazi ajitengenezee chombo chake.

Hata hapa Kenya si jambo geni. Programu ya ODK ilianzishwa mwaka wa 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Miongoni mwa waliotangulia kuitumia ni wahudumu wa AMPATH, mpango wa afya wenye makao yake Eldoret, waliotembea nyumba hadi nyumba wakijaza kwenye simu fomu za ushauri na upimaji wa virusi vya Ukimwi. Mwaka wa 2011 nchi yetu ikaanza kutumia DHIS2, iliyokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, kukusanya takwimu za hospitali na zahanati kote nchini. Hizi si programu za duka. Lakini zinatufunza kwamba fomu na ripoti zaweza kupangwa na watu wanaoijua kazi yenyewe, hata kama msimbo hawaujui.

Jembe au ghala?

Najua kuna msomaji atakayeniambia, "Wacha maneno mengi, mchagua jembe si mkulima. Chukua jukwaa lolote uanze kazi." Methali hiyo ni nzuri kwa mvivu anayelaumu chombo ili asilime. Lakini tukiitia hapa tutapotea. Jembe likivunjika unanunua jingine, na mahindi yako yangali shambani. Jukwaa haliko hivyo, kwa sababu ndani yake ndimo mnamokaa majina ya wadeni, hesabu ya bidhaa na kumbukumbu za miaka. Jukwaa ni ghala. Na mtu huchagua ghala kwa kutazama mlango kwanza: je, nikitaka kutoa mavuno yangu, nitaweza?

Hili silisemi kwa kubuni. Shangazi yangu ana duka la vifaa vya ujenzi, au hadwea kama tunavyoita, karibu na pale ambapo barabara ya Machakos huachana na ile kuu ya Mombasa. Anauza simiti, mabati, misumari na wilibaro. Mafundi wengi huchukua bidhaa kwa mkopo, wakalipa mwenye nyumba akiwalipa. Kwa hivyo deni ndilo moyo wa duka lake. Miaka miwili iliyopita alijiunga na programu iliyokuwa tayari ya kampuni fulani, akawa analipa kila mwezi. Asubuhi moja ikakataa kufunguka. Akapiga simu, haikushikwa. Akatuma ujumbe, haukujibiwa. Ndani yake mlikuwa na madeni ya miezi miwili na zaidi. Ikabidi azunguke kwa mafundi mmoja mmoja akiuliza, "Wewe, nilikuwa nakudai ngapi?" Waliokumbuka walilipa. Waliosahau walisahau kabisa! Karo ya binamu yangu muhula huo ililipwa kwa pesa za kukopa.

Wala msidhani ni vikampuni vidogo tu vinavyofunga milango. Google walikuwa na jukwaa la kuunda programu za kazini lililoitwa App Maker, wakalifunga tarehe 19 Januari 2021. Amazon walifungua lao, Honeycode, mwaka wa 2020, wakalifunga tarehe 29 Februari 2024. Majabali hayo mawili yalitoa taarifa mapema ili watu wahamishe data zao. Hata hivyo, programu walizozijenga watu mle hazikuhamishika kama gunia. Walijenga upya kwingine.

Kwa hivyo wakati shangazi alipoamua kujaribu tena wakati wa likizo, aliniambia neno moja ambalo ndilo msingi wa makala haya. Alisema, "Mwanangu, mimi sitaki kitu cha kunimeza tena. Nataka hata hicho kitu kikifungwa leo, kesho deni langu bado ni langu." Kutokana na neno hilo tuliandika maswali matano. Ninayatoa hapa ili nawe uyatumie.

Swali la kwanza: Data yangu itatokaje?

Tafuta sehemu ya kupakua data kabla ya kuweka jina hata moja. Je, unaweza kupata majedwali yako yote katika muundo unaofunguka kwenye lahajedwali yoyote? Je, unaweza kufanya hivyo wewe mwenyewe, au ni mpaka uombe? Usitosheke na ahadi. Weka wateja watano wa uongo, pakua, kisha fungua kwenye kompyuta nyingine. Tazama kama tarehe zimebaki tarehe na kama namba za simu hazijapoteza ile sufuri ya mbele. Hiyo sufuri hupotea sana, kwa sababu lahajedwali hudhani namba ya simu ni hesabu ya kujumlishwa.

Kuna majukwaa yanayoweka data ndani yao, na kuna yanayosoma data iliyo mahali pengine. AppSheet, ambayo Google waliinunua mwaka wa 2020, yaweza kusimama juu ya lahajedwali ya Google Sheets. Ikiondoka, lahajedwali inabaki. Pia kuna programu huria kama vile Baserow ambazo waweza kuziweka kwenye seva yako mwenyewe, yaani kompyuta inayohudumia nyingine. Hapo hakuna wa kukufungia, lakini mzigo wa kutunza ni wako.

Swali la pili: Mtandao ukipotea tutafanyaje?

Kwetu stima hupotea na bando huisha. Kijana wa yadi anapopakia mawe kwenye lori hawezi kumwambia dereva angoje mtandao urudi. Uliza kama programu inaweza kuandika ndani ya simu kisha ikatuma baadaye. ODK ilijengwa kwa fikira hiyo tangu mwanzo, ndiyo maana ilifaa mashambani. AppSheet pia yaweza kupangwa hivyo. Lakini majukwaa mengine ni ya kivinjari tu, nayo bila intaneti ni picha ukutani.

Jaribu namna hii: zima data ya simu, andika mauzo matatu, kisha iwashe. Yote matatu yakifika, sawa. Halafu jaribu watu wawili wabadilishe deni la mteja mmoja wakiwa hawana mtandao, uone neno la nani linashinda. Hapo ndipo ugomvi wa dukani huzaliwa.

Swali la tatu: Tukiongezeka itakuwaje?

Majukwaa mengi hutoza kwa kila mtumiaji kwa mwezi. Tuseme bei ni dola 10 kwa mtu. Duka lenye watumiaji watatu litalipa dola 30 kwa mwezi, yaani dola 360 kwa mwaka. Tukihesabu dola moja kwa shilingi 130, hizo ni shilingi 46,800. Wakifika wanane, zinakuwa dola 960, sawa na shilingi 124,800. Kumbuka dola hupanda na kushuka wakati bei ya misumari ni ya shilingi. Fanya hesabu ya watu utakaokuwa nao mwaka ujao, si ya leo. Halafu uilinganishe na hasara ambayo programu itazuia. Ikiwa madeni yanayopotea kwa mwaka ni madogo kuliko ada, basi daftari la shilingi mia moja lakutosha.

Kuongezeka si kwa watu peke yake, hata mistari huongezeka. Kila jukwaa lina kikomo chake. Uingereza walilipata somo hili mwaka wa 2020. Matokeo ya vipimo vya korona yalikuwa yakiwekwa katika faili za Excel za muundo wa zamani, ambazo hubeba mistari 65,536 na si zaidi. Faili zikajaa, na wagonjwa 15,841 wa kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba wakakosa kuingia katika hesabu kwa wakati wake. Waliokuwa wamekaribiana nao wakachelewa kutafutwa. Ikiwa serikali kubwa iliweza kukwama kwa kikomo cha mistari, sembuse hadwea?

Swali la nne: Nani ataona nini?

Deni la mtu ni siri yake. Kijana wa yadi anahitaji kujua kwamba fundi fulani apewe mifuko kumi. Hahitaji kujua kwamba fundi huyo ana deni la miezi mitatu, akaenda kulisimulia kwenye matatu. Jukwaa zuri hukuruhusu kumpa kila mtu mlango wake: mmoja aone fomu tu, mwingine aone ripoti, mwenye duka aone yote. Lingine muhimu ni kumbukumbu ya nani alibadilisha nini na lini. Deni likishuka kutoka shilingi 9,000 hadi 900, uwe na pa kuuliza.

Tusisahau kwamba Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019. Majina na namba za simu za watu si zako, umewekewa amana tu. Usichukue usichohitaji. Kwa nini duka la misumari liulize tarehe ya kuzaliwa ya mteja?

Swali la tano: Nikiondoka nani ataitunza?

Hili latuhusu sana sisi vijana. Mwanafunzi anaunda programu nzuri, anamaliza shule, anaenda chuo, na biashara inabaki na kitu ambacho hakuna anayejua kinavyofanya kazi. Basi akaunti ifunguliwe kwa jina la duka, na nywila ajue mwenye duka. Kila kanuni uliyoiweka iandike kwa Kiswahili kwenye karatasi: inafanya nini na kwa nini. Kisha mwite mtu mwingine akaongeze bidhaa mpya bila wewe kumshika mkono. Akishindwa, jukwaa hilo ni gumu mno kwa duka hilo, hata kama ni rahisi kwako.

Uamuzi wetu

Baada ya maswali hayo tuliweka majina matatu mezani. Programu huria kwenye kompyuta ya duka ilituvutia kwa sababu ya bei na uhuru. Lakini shangazi aliuliza, "Hiyo kompyuta ikizimika nikiwa Machakos, nani ataiwasha?" Hatukuwa na jibu, tukaiacha. Jukwaa la pili lilikuwa maridadi sana ila halikufanya kazi bila mtandao. Tukabaki na AppSheet juu ya Google Sheets, kwa watumiaji watatu. Sisemi ndilo bora kwa kila mtu. Kikundi cha maji chenye watu wa kujitolea thelathini kingeumia kwa ada hiyo, na huenda ODK au lahajedwali tupu ikakifaa zaidi.

Kwanza hatukugusa kompyuta. Tulikaa na daftari la zamani siku mbili tukakubaliana maneno. "Amelipa" maana yake nini: amelipa yote, au amelipa kidogo? Mfuko uliorudishwa uandikwe wapi? Tuligundua mteja mmoja ameandikwa kwa majina manne tofauti. Fujo ya daftari ukiihamishia kwenye kompyuta inabaki fujo, ila sasa inakimbia kasi.

Pili, tulianza na kazi moja tu, nayo ni deni. Bidhaa na malori tukayaacha yangoje. Kwa wiki mbili deni liliandikwa pande zote mbili, kwenye karatasi na kwenye simu, na jioni tukalinganisha. Zilipotofautiana tulitafuta sababu siku hiyohiyo. Mara nyingi ilikuwa ni mteja mwenye haraka aliyeandikwa karatasini peke yake.

Tatu, kila Jumamosi jioni shangazi hupakua lahajedwali nzima kwenye diski ndogo na kuchapisha ukurasa wa wadeni. Kitabu cha risiti chenye kaboni bado kiko kaunta, na mteja hutia sahihi. Wengine wanamcheka kwamba amerudi nyuma. Yeye huwajibu kwamba mwenye milango miwili halali na hofu.

Ni vyema pia kujua mahali ambapo hufai kujiundia. Malipo ya M-Pesa na risiti za kodi za eTIMS za KRA zina mifumo yake rasmi. Programu yako haiziondoi na isijifanye imeziondoa. Mishahara nayo ina makato ya kisheria yanayobadilika. Ukikosea hapo, anayeumia ni mfanyakazi. Kwa hayo nunua kilichokwisha kupimwa, nawe ujiundie yale ambayo ni ya duka lako peke yake.

Tamati

Ukifuata barabara ya Mombasa kutoka hapa kwetu utafika Konza, ambako serikali inajenga mji wa teknolojia juu ya ekari 5,000. Ni jambo la kujivunia kuwa na mji kama huo katika kaunti jirani. Lakini teknolojia haitaanza siku majumba yale yatakapokamilika. Imeshaanza kwenye kaunta za maduka yetu, na sisi ndio mafundi wake. Fundi wa kweli humwambia mwenye nyumba pia pale ambapo ukuta waweza kuanguka. Basi ukiitwa kusaidia, usianze na jukwaa lenye rangi za kupendeza. Anza na mlango wa kutokea.

Zoezi

1. Chagua biashara moja unayoijua. Taja kazi moja tu ya ndani ambayo ingefaa kuwekwa kwenye jukwaa la msimbo mchache, na utoe sababu.
2. Jukwaa linatoza dola 8 kwa mtu kwa mwezi. Duka lina watumiaji watano. Kwa shilingi 130 kwa dola, litalipa shilingi ngapi kwa mwaka?
3. "Jukwaa ni ghala, si jembe." Jadili, ukitumia mfano mmoja wa jukwaa lililofungwa.
4. Muulize mwenye duka aliye karibu nawe: je, simu yake ikipotea leo, atajua nani anamdai na nani anadaiwa? Lete jibu lake katika kikao kijacho cha chama.